Makabati Manane ya Kasense

Jumanne, 3 Juni

Gundi haikauki. Baridi ya wiki hii imeingia hadi ndani ya kopo. Nilibana miguu ya kiti tangu jana asubuhi, leo saa nane nimefungua, kimelegea. Nimebana tena. Upepo unapiga mabati ya karakana mpaka redio haisikiki.

Mchana amekuja Mwalimu Benedikto, mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Kasense. Wamepata chumba cha maktaba. Vitabu wanavyo, waliletewa na wafadhili miaka miwili iliyopita, viko kwenye maboksi ndani ya stoo. Amekuja na mchoro alioupiga kwa rula. Makabati manane, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, milango ya vioo, kila moja na kufuli lake. Yawe tayari tarehe 16 Julai. Kuna mgeni anakuja kufungua.

Nikamuuliza watoto watakaa wapi. Akasema watoto wana madawati darasani. Nikauliza, sasa hicho chumba ni cha nini? Akaniangalia kama nimemtukana.

Ninaandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: sijawahi kuingia maktaba. Nina miaka arobaini na moja. Nimetengeneza vitanda, madawati, majeneza, kiti cha maungamo cha kigangoni. Maktaba hata moja sijaiona kwa ndani. Kutoka hapa mtaani kwangu Katandala hadi maktaba ya umma ya mjini ni mwendo wa miguu, na sijawahi kufika. Kesho naenda. Siwezi kutengeneza kitu ambacho sijui kinatumikaje.

Jumatano, 4 Juni

Nimerudi na hasira.

Nilivaa gauni safi, lakini tepu ya kupimia ilikuwa mfukoni na penseli sikioni, nilisahau kuitoa. Mlinzi aliponiona tu akasema, "Karibu fundi, mlango wenyewe ni huu." Kumbe wanasubiri fundi siku nyingi. Mlango wa chumba cha watoto umeshuka bawaba, unakwaruza sakafu. Nikamwambia nimekuja kuangalia maktaba. Akasema sawa, utaangalia ukimaliza. Nikaazima bisibisi. Nikautengeneza. Sijui kwa nini niliutengeneza.

Ndani kuna meza kubwa nzito za watu sita sita. Kila meza ina mtu mmoja. Wote wamejazana upande wa mashariki, kwenye jua la dirishani, na makoti yao. Upande wa kivuli hakuna mtu. Vijana wengi wamekuja na madaftari yao wenyewe, kitabu cha maktaba hakuna aliyeshika. Viti ni vya chuma na vikisogezwa vinapiga kelele, chumba kizima kinageuka.

Chumba cha watoto: rafu ya juu inanifika usoni mimi mtu mzima. Vitabu vya picha viko huko juu. Chini kumewekwa mafaili.

Nikatoa tepu. Mkutubi, dada anayesimamia vitabu, akaja haraka. Hairuhusiwi kupima bila barua. Barua ya nani? Barua ya ofisi inayohusika. Nikamwambia ni rafu tu, dada yangu. Akasema utaratibu ni utaratibu. Nilipotengeneza mlango hakuna aliyeniomba barua.

Ijumaa, 6 Juni

Mwalimu Benedikto amekataa kuandika barua. Anasema makabati hayahitaji utafiti. Mtendaji wa kata hayupo, ameenda Kasesya mpakani kumzika shemeji yake. Nimerudi Katandala na vumbi hadi kwenye meno.

Jumanne, 10 Juni

Barua nimeipata kwa mtendaji, ina mhuri. Nimefika maktaba saa tatu. Imefungwa kwa semina. Ndani watu wanapiga makofi, maji ya chupa mezani, spika inaunguruma. Wasomaji wamekaa nje kwenye ngazi, kwenye upepo.

Nilikaa nao. Alikuwepo mzee mmoja, Mzee Pius, karani mstaafu, huja kila siku kusoma gazeti. Nikamwamkia. Nilipomwambia natengeneza maktaba ya watoto akaanza kulalamika na hakunyamaza. Viti vinaumiza mgongo. Taa iko nyuma ya kichwa, ukiinama unasoma kivuli chako. Semina kila mwezi. Nikaandika yote. Hakuna aliyewahi kumuuliza, alisema. Kisha akaniambia nisipoteze muda, watanipa mchoro wao na nitaufuata. Sikumpenda kwa maneno hayo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepima hatimaye. Mkutubi anaitwa Oliva. Leo amelainika, labda kwa sababu ya mhuri, labda kwa sababu nilikuja mara ya tatu. Alinionyesha kabati la vioo lililo nyuma ya meza yake. Ndani kuna vitabu vizuri, vipya, migongo inang'aa. Nikauliza nani huvisoma. Akasema hakuna. Aliyekuwa na ufunguo alihamishwa, akaondoka nao. Wameandika kuomba ruhusa ya kuvunja kufuli, jibu halijaja.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Mimi nilikuwa nimeshika tepu. Dakika tano na bisibisi, ningelifungua. Nikamwambia. Akacheka kidogo, akasema, "Fundi, usinitie matatani."

Jumatatu, 16 Juni. Mbeya

Shemeji yangu Deo anaendesha lori la mahindi. Alikuwa anashuka Mbeya, nikadandia. Nilitaka kuona maktaba ya chuo kikuu, nijue waliosoma sana wanakaaje. Nimelala kwa shangazi. Mgongo umekufa. Kesho.

Jumanne, 17 Juni. Mbeya

Getini kuna mlango wa chuma unaozunguka, hauzunguki mpaka kitambulisho. Askari aliuliza mimi ni mwanafunzi au mfanyakazi. Nikasema fundi. Akasema mafundi wanapita nyuma.

Nikapita nyuma. Ilikuwa mara ya pili naingia maktaba kama fundi. Mara hii sikubisha.

Ghorofa tatu. Sijui nilitegemea nini. Meza za mtu mmoja mmoja zenye mbao pembeni, kama kibanda, mtu haoni jirani yake. Wasichana wawili walikuwa wamelala, vichwa juu ya mikono. Kwenye mbao wameandika kwa kalamu: majina, maombi, mmoja ameandika "Mungu nitoe kwenye hesabu hii". Viungo vya zile meza ni vibovu, misumari mitupu. Ningeona haya kuzileta kwa mteja.

Lakini rafu. Rafu hazina milango. Hakuna kioo, hakuna kufuli. Zinaenda safu kwa safu kama mashamba ya mahindi, na mtu anapita katikati, ananyoosha mkono, anachukua. Nilisimama nikawaangalia kwa muda. Anachukua, anafungua, anarudisha, anachukua kingine. Hakuna anayemuuliza.

Nikanyoosha mkono na mimi. Kilikuwa kitabu cha miti, kwa Kiingereza, na picha za mbao zilizokatwa. Nilielewa nusu, picha nilizielewa zote. Nilikaa nacho kibandani karibu saa nzima. Mama mmoja mfanyakazi alikuja. Nilidhani ananifukuza. Akaniuliza kama ninaweza kurekebisha droo yake iliyokwama. Nikairekebisha.

Njiani kurudi kwa shangazi nilitaka kulia, na ilikuwa hasira. Miaka arobaini na moja. Mkono wangu mwenyewe, kitabu, hakuna wa kumwomba.

Alhamisi, 19 Juni

Nimechora upya. Rafu fupi, ya juu kabisa imfikie kifuani mtoto wa darasa la tatu. Zisiwe na milango. Mabenchi mapana upande wa mashariki, chini ya madirisha, wakae juani. Meza mbili tu. Mbao ni zilezile, hata zitabaki.

Nimempelekea Mwalimu Benedikto shuleni. Shule zimefungwa, alikuwa peke yake ofisini na blanketi miguuni. Aliangalia mchoro kwa adabu. Akaukunja, akanirudishia. Nilibishana naye. Nilisema mambo ya Mbeya, nikasema ya ufunguo wa Oliva. Sauti ilinipanda, najua.

Hakukasirika. Hicho ndicho kilichoniudhi. Akaniambia kwamba kwenye shule aliyokuwa kabla ya hii yalipotea madawati, akaitwa, akahojiwa, akashushwa cheo miaka minne. Hakuyaiba yeye. Halafu akasema, "Kitabu kikipotea, atakayeitwa ni mimi. Wewe hutaitwa."

Nikautia mchoro mfukoni, nikaondoka.

Jumapili, 22 Juni

Kamati ya shule ilikaa baada ya misa. Mwalimu alinikaribisha, namshukuru kwa hilo. Nilieleza. Mwenyekiti, Mzee Inosenti, alisema mgeni akija aone vitabu vinalindwa. Wengine wakaitikia. Mwanamke mmoja tu aliuliza swali: Mama Masanja. Ni Msukuma, walihamia na ng'ombe kutoka Geita, nyumba yao iko nyuma ya uwanja wa shule. Binti yake Kabula yuko darasa la sita. Aliuliza mtoto wake atashika lini hivyo vitabu, maana yuko hapo miaka miwili anasikia habari ya maboksi. Mwenyekiti akamwambia asubiri ufunguzi. Mama Masanja akaitika, "Haya."

Kisha mzee akaniambia, mbele ya wote, kwamba kama makabati yamenishinda kuna mafundi wanaume wengi mjini. Nikasema watafuteni basi. Nikatoka.

Nimefika nyumbani nikajuta. Kazi ni yangu. Akija mwingine atayatengeneza marefu vilevile, tena vibaya.

Jumatatu, 23 Juni

Nimerudi kuomba radhi. Mwalimu aliipokea bila maneno mengi. Natengeneza kama walivyotaka.

Ijumaa, 27 Juni

Kabati la kwanza limesimama. Ni zuri. Nalichukia.

Nikisimama mbele yake naona uso wangu kwenye kioo, na nyuma yake rafu tupu.

Jumatano, 2 Julai

Makabati matano. Mikono imepasuka kwa baridi, vanishi inaingia kwenye nyufa, inachoma. Nimemkaripia mteja asiye na kosa. Nimekosea kipimo cha mlango mmoja, nimepoteza kioo. Sijawahi kukosea kipimo cha mlango.

Jumanne, 8 Julai

Leo tulifungua stoo.

Tulisafirisha makabati sita kwa trekta la mtu wa jirani. Mengine mawili bado yana vanishi mbichi. Mwalimu akasema tuhamishe na vitabu, tuone vitakaaje. Tulikuwa watatu: mimi, yeye na Mama Masanja aliyekuja kutusaidia kubeba. Mwalimu akavua ufunguo shingoni. Anauvaa shingoni, pamoja na rozari.

Boksi la kwanza nililoinua, sehemu yake ya chini ilibaki sakafuni. Mchwa. Wametoka kwenye ufa, wakaingia boksi la chini, wakapanda. Ukifungua kitabu ni udongo, umbo la kitabu lakini udongo mtupu. Upande mwingine bati lilikuwa linavuja, vitabu vimeshikana kama tofali. Maboksi kumi na moja. Manne yamekwisha kabisa. Mengine nusu nusu.

Mwalimu Benedikto aliketi kwenye kizingiti. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyabeba tangu mwezi wa sita, na saa ile ilikuwa ndiyo saa yake. Nikamwangalia mikono, imejaa udongo ule wa vitabu. Nikashindwa.

Akauliza, hakuniuliza mimi wala Mama Masanja, akauliza tu: "Sasa nitaandika nini?"

Mama Masanja akamjibu. Alisema, "Andika vilivyobaki, Mwalimu. Vilivyobaki tuvianike."

Alikwenda kwake akaleta maturubai mawili ya kuanikia ulezi.

Jumatano, 9 Julai

Vitabu juani tangu saa mbili. Uwanja mzima. Kila kimoja tumekigonga, tumekifuta, tumekiacha wazi. Upepo ukifunua kurasa tunaweka kijiwe. Mimi nimeacha karakana, sikumuaga mtu.

Saa nne akaja Kabula na mdogo wake. Wakaja na wengine, walikuwa wanachunga, wakaacha ng'ombe kwenye mabua upande wa pili. Hakuna aliyewaita. Walianza kwa kusimama pembeni ya turubai. Kisha wakachuchumaa. Saa sita walikuwa wamelala kifudifudi, zaidi ya ishirini, visigino juu, kila mmoja na kitabu. Kabula alikuwa anamsomea mdogo wake kwa sauti, neno kwa neno, na akikwama anaruka.

Mwalimu alizunguka turubai akisema mikono safi, mikono safi. Alisema hivyo kama mara mia. Hakuwaondoa.

Nikakaa kwenye msingi wa darasa nikawaangalia wanavyokaa. Wanapenda jua mgongoni. Wanapenda kugusana mabega. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kwenye kiti tulichokuwa tumekitoa nje.

Jioni tukahesabu. Kimepungua kimoja. Tukahesabu tena. Kimoja. Kitabu cha wanyama, cha picha, Mwalimu alikuwa amekiandika namba mwenyewe asubuhi. Akanigeukia na sura ambayo sijawahi kuiona kwake. Akasema, "Ndicho hiki nilichokuwa nakwambia." Akasema kesho niwahi na makufuli.

Nimerudi kwa miguu. Nimemkasirikia mtoto nisiyemjua. Nimemkasirikia Mwalimu. Zaidi nimejikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeanza kufurahi.

Alhamisi, 10 Julai

Nilikwenda na makufuli. Manane, kwenye mfuko.

Mwalimu alikuwa chumbani tayari. Hakulala, nilimwona macho. Alikuwa amepanga vitabu vilivyobaki sakafuni, safu safu. Vinajaza makabati matatu tu, na nafasi inabaki. Mengine yangekuwa matupu, na vioo.

Tulisimama. Nikamuuliza kimepotea kimoja kati ya vingapi. Nikamuuliza mchwa wamekula vingapi. Nikamwambia simuulizi kwa kumkomoa, nauliza kwa sababu atakayeandika taarifa ni yeye.

Alikwenda dirishani. Halafu akasema nikate.

Sikuelewa. Akarudia. Nikate makabati manne katikati, niyashushe, nitoe milango. Manne yabaki marefu kwa ajili ya mgeni na kwa ajili ya vitabu vya walimu. Chumba chenyewe kiwe na kufuli moja mlangoni, ufunguo uwe na nakala, nakala akae nayo Mama Masanja. Kwa nini Mama Masanja? Kwa sababu yuko karibu, alisema. Na kwa sababu aliuliza.

Kukata kabati nililolipiga vanishi kwa mkono wangu. Nimekata. Msumeno ulikuwa mtamu.

Jumanne, 15 Julai

Nusu za chini za makabati zimekuwa rafu nne fupi. Vipande vya juu nimevigeuza mabenchi, upande wa mashariki. Vioo vilivyobaki nimevilaza sakafuni kwangu, sijui nivifanyie nini. Mzee Inosenti alipita, akasema chumba kimekuwa kama duka lililoibiwa. Nilikuwa na msasa mkononi. Nikaendelea.

Shule zimefunguliwa. Watoto wanachungulia dirishani, pua kwenye nondo.

Jumatano, 16 Julai

Mgeni amechelewa kwa saa tatu. Watoto wamesimama uwanjani kwenye baridi na nyimbo zao. Alipofika alikata utepe, akapigwa picha mbele ya makabati manne marefu, milango imefungwa. Upande wa pili aliutupia jicho tu. Aliuliza kwa nini zile rafu nyingine hazijaisha. Nilifungua mdomo. Mwalimu Benedikto akanitangulia, akasema zimeisha. Akasema hivyo ndivyo zilivyokusudiwa.

Mgeni akasema vizuri, akaenda kula.

Kitabu cha wanyama hakijarudi. Mwalimu amekiandika kwenye daftari: kimepotea, na jina lake mwenyewe chini. Nilimwona akiandika. Aliandika polepole.

Jumamosi, 26 Julai

Nilikwenda Kasense kupima paa la nyumba ya mtu. Upepo umepungua. Watu wanapura ulezi, ukipita njiani makapi yanaingia kwenye nywele.

Nikapitia shuleni, si kwa kazi. Uwanja mtupu. Mlango wa maktaba ulikuwa wazi nusu. Nikachungulia dirishani.

Mwalimu Benedikto alikuwa kwenye benchi, peke yake. Amevua viatu, miguu ameikunja juu ya mbao. Mkononi kitabu cha watoto, jalada limetafunwa na mchwa pembeni. Anasoma huku midomo inacheza. Akafika mwisho wa ukurasa, akalamba kidole, akafunua.

Sikubisha hodi. Nilitoka kwa nyuma ya madarasa, nikaenda kupima paa.